Silaha Haivuki Mpaka Bila Daftari

Hotuba kwa wakazi wanaozungumza Kiswahili, Louisville, Kentucky, 2024

Nimetumwa na ofisi inayoshughulikia haki za walaji nizungumze nanyi kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunalijua nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari. Jambo lenyewe ni kuuza, kununua, kutoa au kutuma silaha ya moto pale ambapo mwenye kutoa anaishi jimbo moja na mwenye kupokea anaishi jimbo jingine. Sikuja kumshawishi mtu anunue silaha, wala sikuja kumlaumu aliyenayo. Nimekuja kwa sababu mtu mwema, asiye na nia mbaya hata kidogo, anaweza kutenda kosa zito la jinai kwa kufuata tu desturi ya ukarimu aliyolelewa nayo.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno. Nitakaposema bunduki, nina maana ya ile ndefu inayoegemezwa begani. Bastola ni ile fupi ya mkononi. Nikisema silaha, nazitaja zote mbili.

Simu ya asubuhi moja

Mzee mmoja alipiga simu ofisini kwetu. Alikuwa na bunduki ya kuwindia aliyoinunua dukani kwa njia halali miaka kadhaa iliyopita. Binti yake ameolewa ng'ambo ya mto, Jeffersonville, katika jimbo la Indiana, na mkwewe alikuwa ameanza kuwinda kulungu. Mzee akaona kwamba umri umemkataza kwenda porini, na kwamba hakuna zawadi bora ya kumpa mkwe kuliko bunduki ile. Alikwisha kuifunga katika blanketi na kuiweka kwenye buti ya gari. Kilichomfanya apige simu ni swali dogo tu: je, aandike hati ya zawadi, au neno la mdomo linatosha?

Nilipomweleza kwamba asivuke daraja kwenda kumkabidhi, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi siuzi. Natoa."

Jibu lake ni la kiutu, na katika nchi nyingi tulizotoka tofauti ya kuuza na kutoa ni kubwa. Lakini sheria ya Marekani haikuitazama tofauti hiyo. Sheria ya Kudhibiti Silaha ya mwaka 1968 inamkataza mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha kuhamisha, kuuza, kubadilishana, kutoa, kusafirisha au kukabidhi silaha kwa mtu mwingine asiye na leseni anayeishi jimbo jingine. Yahesabuni maneno hayo: ni sita, na "kutoa" ni mojawapo. Kama mzee angevuka na kumkabidhi mkwewe, yeye ndiye angekuwa amekiuka sheria. Na kama mkwe ndiye angekuja Louisville kuichukua na kurudi nayo nyumbani, mkwe naye angekuwa na kosa lake, kwa sababu sheria hiyohiyo inamkataza mtu binafsi kuingiza katika jimbo analoishi silaha aliyoipata nje ya jimbo hilo bila kupitia njia inayoruhusiwa.

Mnaifahamu jiografia yetu. Kutoka bustani ya kando ya mto hapa mjini, mtu hupanda daraja la Big Four na kufika Jeffersonville kwa miguu, akisukuma kigari cha mtoto. Darajani hapana askari wa forodha wala kizuizi. Macho hayaoni mpaka wowote, ila sheria inauona.

Kwa nini mpaka una uzito huo

Mtu hushika sheria vizuri zaidi akijua ilikotoka. Mwezi Machi 1963, mtu mmoja aliagiza bunduki kwa posta kutoka duka moja la Chicago. Alijaza kipande cha karatasi kilichokatwa gazetini, akatumia jina la bandia, akalipa dola 21 na senti 45 pamoja na gharama ya kutuma. Bunduki ikamfikia Texas katika sanduku la posta. Hakuna aliyemwona uso, wala aliyemuuliza kitambulisho. Mtu huyo alikuwa Lee Harvey Oswald, na Novemba mwaka huohuo bunduki hiyo ilitumika kumuua Rais John F. Kennedy.

Mjadala ulichukua miaka mitano. Mwaka 1968, baada ya kuuawa pia Martin Luther King na Robert Kennedy, Bunge la Marekani lilipitisha sheria niliyoitaja, na Rais Lyndon B. Johnson akaitia saini Oktoba 22. Kiini chake kwa mtu wa kawaida ni hiki: silaha isisafiri kutoka mkono wa mtu binafsi wa jimbo moja hadi mkono wa mtu binafsi wa jimbo jingine bila kupita mbele ya mtu mwenye leseni, atakayemwona mpokeaji uso kwa uso na kuandika jina lake kitabuni.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba methali hiyo muichukue nyumbani, kwa sababu sheria yote nitakayoieleza leo imo ndani yake. Daftari linalotakiwa ni la mfanyabiashara mwenye leseni ya serikali kuu, inayotolewa na idara ijulikanayo kwa kifupi ATF. Katika daftari hilo kila silaha inayoingia na kutoka huandikwa: aina yake, namba yake, ilikotoka na ilikokwenda.

Njia iliyo sahihi

Tuseme umemwona mtu wa Indianapolis anayeuza silaha unayoitaka, nawe unaishi hapa Kentucky. Njia ni hii. Wewe mnunuzi unachagua mfanyabiashara mwenye leseni aliye katika jimbo lako, unampigia simu na kumwuliza maswali matatu: je, anapokea silaha zinazotoka nje ya jimbo kwa ajili ya wateja, je, anapokea mzigo uliotumwa na mtu binafsi au anataka utumwe na mfanyabiashara mwenzake tu, na je, ada yake ni kiasi gani. Swali la pili lisirukwe. Wafanyabiashara wengi, kwa uamuzi wao wenyewe, hukataa kifurushi kilichotumwa na mtu asiye na leseni. Mzigo ukikataliwa mlangoni, unarudi ulikotoka na gharama ya safari mbili inawaangukia ninyi.

Akikubali, anatuma nakala ya leseni yake kwa upande wa muuzaji. Silaha inatumwa kwake, wala haitumwi nyumbani kwako. Ikifika anaiandika kitabuni, anakuita dukani, unajaza fomu ya serikali kuu namba 4473, unaonyesha kitambulisho chenye picha na anwani ya sasa, na yeye anaomba ukaguzi wa kumbukumbu zako kupitia mfumo wa FBI uitwao NICS, ulioanza kazi Novemba 1998. Ukipita, unakabidhiwa. Usipopita, silaha haitoki dukani kwenda mikononi mwako, hata kama umekwisha kumlipa muuzaji senti ya mwisho. Kwa sababu hiyo nawasihi mwandikiane mapema, kabla fedha haijatoka: mnunuzi akikataliwa, nani atalipa gharama ya kuirudisha, na fedha itarudishwa kwa siku ngapi. Kurudi nako hupitia mikono yenye leseni.

Hapa kuna tofauti ya bunduki na bastola. Bunduki, mkazi wa jimbo moja anaweza kukabidhiwa na mfanyabiashara mwenye leseni wa jimbo jingine, ana kwa ana dukani, mradi sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu. Bastola haina nafasi hiyo. Ni lazima ipelekwe kwa mfanyabiashara wa jimbo ambako mnunuzi anaishi. Umri pia hutofautiana: kwa mfanyabiashara mwenye leseni, sheria ya serikali kuu imeweka miaka 18 kwa bunduki na miaka 21 kwa bastola. Na mnunuzi wa bunduki aliye chini ya miaka 21 hufanyiwa ukaguzi wa ziada, uliowekwa na sheria ya mwaka 2022, unaoweza kuchukua hadi siku 10 za kazi.

Yule mzee, basi, alikuwa na milango miwili iliyo wazi. Angeweza kuipeleka bunduki kwa mfanyabiashara mwenye leseni kule Indiana, mkwewe akaenda kujaza fomu huko. Au angeiacha kwa mfanyabiashara wa hapa Louisville, mkwewe akavuka kuja kuijazia fomu hapa. Alichagua mlango wa kwanza. Ingekuwa ni bastola, huo ndio mlango pekee ambao angekuwa nao.

Ni nani anayeubeba mzigo

Wengi hudhani kwamba kikwazo kimekwisha mara tu anapopatikana mfanyabiashara wa kupokea. Bado kuna swali la nani atakayeusafirisha mzigo, na hapo watu hujikwaa.

Sheria ya mwaka 1927 iliikataza Posta ya Marekani kupokea bastola kutoka kwa watu binafsi. Wenye leseni na maofisa fulani wa serikali ndio waliopewa nafasi, kwa masharti. Bunduki isiyo na risasi ndani, posta huipokea kutoka kwa mtu binafsi akiituma kwa mfanyabiashara mwenye leseni wa jimbo jingine. Risasi zenyewe posta haizipokei kabisa, hata moja, hata kwa bahati mbaya iliyobaki katika mfuko wa begi. Kagueni sanduku mara mbili.

Kampuni za UPS na FedEx ni za binafsi na zina masharti yao, ambayo ni makali kuliko sheria. Hazipokei silaha kutoka kwa mteja wa kawaida. Hupokea kutoka kwa wenye leseni waliofanya nazo mkataba maalumu. Mtu anayeandika kwenye fomu kwamba mzigo ni "vyuma vya mashine" ili upite, anajitafutia makosa mawili badala ya moja.

Kwa hiyo, kwa mtu wa kawaida mwenye bastola ya kutuma, njia iliyo nyepesi na salama ni kumwendea mfanyabiashara mwenye leseni wa hapahapa, amkabidhi silaha, na huyo amtumie mwenzake wa jimbo la pili. Utalipa ada pande mbili. Msiione ada hiyo kuwa hasara. Mnanunua stakabadhi inayosema kwamba tarehe fulani silaha yenye namba fulani ilitoka mikononi mwenu. Siku silaha hiyo ikiokotwa mahali pabaya, miaka 10 baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayowasemea. Na ikipotea njiani, mfanyabiashara aliyeituma ana wajibu wa kutoa taarifa kwa ATF na kwa polisi ndani ya saa 48 tangu agundue. Mtu binafsi aliyejitumia mwenyewe hubaki kuhangaika peke yake.

Kanuni za posta na za kampuni hubadilika. Ulizeni siku mnayotuma, wala msitegemee jibu la mwaka jana.

Mbele ya kaunta

Fomu 4473 imeandikwa kwa Kiingereza, na kila jibu ni kiapo. Msijaze kwa kubahatisha. Mnunuzi asiyeweza kusoma au kuandika anaruhusiwa kujaziwa na mtu mwingine, ila mtu huyo asiwe muuzaji, na mashahidi wawili wasio wauzaji watie saini. Njooni na mtu mnayemwamini.

Fomu itakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Swali hili limewaangusha wengi. Ndugu akikuambia, "Mimi nimekataliwa, chukua fedha hizi uninunulie kwa jina lako," anakuomba uwe mnunuzi kivuli. Tangu mwaka 2022 kosa hilo lina sheria yake, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Undugu haulitakasi. Kununua zawadi ya kweli, kwa fedha yako mwenyewe, kwa mtu anayeruhusiwa kisheria, ni jambo jingine. Lakini zawadi hiyo nayo ikivuka jimbo, turudi kwenye daftari.

Itakuuliza pia kuhusu uraia na hadhi ya uhamiaji. Mwenye makazi ya kudumu anaweza kununua, na atatakiwa kutoa namba yake ya uhamiaji. Aliyepo nchini bila kibali hawezi kumiliki silaha, na aliyekuja kwa viza ya muda kwa kawaida hawezi, isipokuwa kwa vighairi vichache. Wapo wengine waliozuiliwa: aliyehukumiwa kwa kosa ambalo kifungo chake kinaweza kuzidi mwaka mmoja, aliyehukumiwa kwa ukatili wa nyumbani, aliyewekewa amri fulani za mahakama, na mtumiaji wa bangi, hata kama jimbo lake limeihalalisha, kwa sababu sheria ya serikali kuu haijaihalalisha.

Sasa nizungumzie jambo linalotugusa sisi kwa karibu. Wengi wetu tuliopita kambini tuliandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Majina yetu nayo yamegeuzwa: la baba limekuwa la mwisho hapa, la kwanza kule. Mfumo wa ukaguzi hulinganisha majina na tarehe, na mtu mwenye jina linalofanana na la mwingine, na tarehe inayolingana, anaweza kucheleweshwa bila kosa lolote. Ukiambiwa usubiri, usigombane na mwenye duka. Sheria ya serikali kuu inampa FBI siku 3 za kazi. Zikipita bila jibu, mfanyabiashara anaruhusiwa kukukabidhi lakini halazimishwi. Ukikataliwa, omba namba ya muamala wako wa NICS na ukate rufaa. Ni haki yako kujua sababu. Anayecheleweshwa mara kwa mara anaweza kuomba kuwekwa katika kumbukumbu maalumu na kupewa namba ya kumtofautisha na wenye majina kama yake. Na siku zote jina la kwenye fomu liwe lilelile lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Wezi wanaojificha nyuma ya ugumu huu

Penye njia ndefu, mwizi hutangaza njia ya mkato. Ofisi yetu inawaomba muwe macho na muuzaji anayeahidi kukutumia silaha moja kwa moja mlangoni, kutoka jimbo jingine, "bila usumbufu wa karatasi." Mtu huyo ama ni tapeli ambaye hana silaha yoyote ya kutuma, ama anakualika katika uhalifu. Katika hali zote mbili fedha yako imepotea, na katika hali ya pili hata uhuru wako umo hatarini. Aliyetapeliwa katika biashara haramu huona haya kwenda kushtaki, na matapeli wanalijua hilo.

Dalili nyingine ni malipo. Anayetaka kulipwa kwa kadi za zawadi, au kwa njia za simu ambazo fedha ikitoka hairudi, mkimbieni. Anayekataa kuzungumza na mfanyabiashara wako, mkimbieni pia.

Na akileta nakala ya leseni, ihakikini. ATF ina huduma ya bure katika tovuti yake iitwayo FFL eZ Check. Unaingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni, nayo inakuonyesha jina, anwani na tarehe ya mwisho wa leseni. Linganisheni anwani hiyo na mahali mnapoambiwa mtume silaha au fedha. Kisha pigeni simu dukani kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si ile iliyoandikwa na muuzaji. Nakala ya karatasi yaweza kughushiwa kwa dakika chache, lakini kumbukumbu za ATF haziko mikononi mwa mwizi. Aliyekwisha kuibiwa atoe taarifa polisi, kwetu, na kwa Tume ya Biashara ya serikali kuu kupitia reportfraud.ftc.gov.

Vighairi, na mambo yanayofanana navyo

Kuna vighairi vichache. Silaha ya urithi, iliyoachwa kwa wosia au kwa kanuni za mirathi, inaweza kumwendea mrithi wa jimbo jingine bila kupitia mfanyabiashara, mradi sheria ya jimbo analoishi mrithi inamruhusu kuimiliki. Hata hivyo masharti ya posta na ya kampuni za usafirishaji hayaondoki kwa sababu ya msiba. Kighairi cha pili ni kuazima kwa muda kwa ajili ya michezo halali, kama uwindaji. Mkwe aliyekuja kukaa siku mbili na kuwinda nawe anaweza kuazimwa bunduki. Kuondoka nayo moja kwa moja si kuazima tena.

Anayehamia jimbo jingine na silaha zake mwenyewe hahamishi umiliki, kwa hiyo halazimiki kwenda kwa mfanyabiashara kwa sheria ya serikali kuu. Lakini aisafirishe ikiwa haina risasi ndani, yenyewe na risasi zake ziwe mbali na mikono ya walio garini: kwenye buti, au katika sanduku lililofungwa kwa kufuli kama gari halina buti. Kasha la mbele ya abiria halihesabiwi. Na aulize sheria ya aendako kabla hajapakia. Jirani yetu Illinois anadai kadi ya mwenye silaha. California inamtaka mkazi mpya atoe taarifa ya silaha zake ndani ya siku 60.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni kontena. Najua tunachangia kontena na mapipa ya kupeleka nguo, friji na vipuri Mombasa, Dar es Salaam na hata Goma. Silaha, sehemu zake au risasi zake zisiwekwe humo kamwe. Kutoa silaha nje ya Marekani kunahitaji kibali cha serikali kuu na cha nchi inakokwenda, na mwenye kontena pamoja na majirani wote waliochangia nafasi wanaweza kuingizwa katika uchunguzi kwa sababu ya godoro moja lililofichwa kitu.

Kwa nini nimesisitiza

Kosa la kumkabidhi silaha mkazi wa jimbo jingine kinyume cha sheria lina adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 5. Mwendesha mashtaka hutakiwa kuonyesha kwamba mtu alijua anatenda kinyume cha sheria. Lakini kungoja kufika mahakamani ndipo useme hukujua ni kinga ya gharama kubwa mno. Na kwa asiye raia kuna adhabu nyingine isiyotajwa na hakimu. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba hukumu ya kosa la kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria inaweza kumfanya mtu aondolewe nchini, hata kama ana makazi ya kudumu, hata kama ameishi hapa miaka 20 na watoto wake wamezaliwa hapa. Kwa hiyo asiye raia akishtakiwa, asikubali kosa lolote, hata lile analoambiwa ni dogo, kabla ya kuzungumza na wakili anayejua mambo ya uhamiaji.

Mzee wetu alipiga simu kabla ya kuwasha gari. Wiki iliyofuata alinipigia tena. Mkwewe alijaza fomu, akasubiri siku mbili kwa sababu tarehe yake ya kuzaliwa ni Januari 1, kisha akakabidhiwa bunduki. "Nimelipa ada ya kutoa zawadi yangu mwenyewe," alisema, na nilisikia anacheka. Nami nilifurahi, kwa sababu kulikuwa na njia nyingi za jambo lile kuishia bila kicheko.

Kabla silaha haijavuka mto, ulizeni: imeandikwa katika daftari la nani? Kama hamna jibu, isivuke. Mlango wa ofisi yetu uko wazi kwa swali lolote, na swali halilipiwi.